Wakati wa mlipuko wa ugonjwa, tumsikilize mtaalamu yupi?

Katibu wa Soko (Bwera, Kasese):

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni katibu wa kamati ya wafanyabiashara katika soko mojawapo karibu na Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na ninaleta swali ambalo kamati yetu imeshindwa kulimaliza. Kila inaposikika habari ya ugonjwa wa mlipuko, uwe upande wetu au upande wa Kongo, wafanyabiashara hutujia sisi kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Wanataka kujua kama waendelee kuuza, kama wapokee mizigo kutoka ng'ambo, kama watoto wabaki nyumbani. Hakuna daktari katika kamati yetu. Tunachoweza kufanya ni kuchagua tumsikilize nani, na hapo ndipo tunapogawanyika.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kivu Kaskazini na mtoto wa miaka mitano akafariki katika hospitali ya Bwera, watu wa hapa walikuwa wameshazoea kusikia habari za chanjo, kwa sababu wahudumu wa afya wa wilaya za mpakani walikuwa wameanza kuchanjwa mapema. Kwa hiyo Ebola ilipotangazwa Mubende, katikati ya Uganda, tarehe 20 Septemba 2022, simu zetu zilijaa ujumbe wa sauti wa mtu aliyejitambulisha kuwa daktari aishiye Ulaya, akisema kwa ufasaha mkubwa kwamba chanjo ya Ebola ipo, imethibitishwa, na kwamba anayechelewa kuileta anataka watu wafe. Wakati huohuo mama mmoja mhudumu wa VHT (timu ya afya ya kijiji) wa kijiji chetu, ambaye elimu yake iliishia sekondari, alitwambia kwamba chanjo ile haifanyi kazi kwa ugonjwa wa Mubende. Wajumbe wengi wa kamati walimwamini daktari kwa kuwa ni daktari, na ikabidi tubishane juma zima na wafanyabiashara waliotaka kujua chanjo yao imefichwa wapi.

Baadaye ilijulikana kwamba yule mama ndiye aliyesema kweli. Lakini baadaye hainisaidii. Mtu asiye na elimu ya udaktari, akiwa na siku moja au mbili za kuamua, atumie kipimo gani kumtambua mtaalamu wa kuaminiwa? Je, ni shahada, ni cheo serikalini, au ni kitu kingine ambacho sisi hatukioni?

Muuguzi wa Wodi (Gulu):

Ndugu Katibu, asante kwa swali hili. Nimefanya kazi ya uuguzi wodini kwa miaka mingi, na naona kamati yenu ilipima ukubwa wa wasemaji kabla ya kupima swali lenyewe.

Alichosema daktari wa kwenye simu hakikuwa uongo mtupu, na ndiyo maana kilikuwa na nguvu. Chanjo ya Ervebo ilikuwepo, na ilitumika kule Beni na Butembo, nchini Kongo, katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliowapata watu 3,470 na kuua 2,287. Lakini chanjo hiyo imetengenezwa dhidi ya aina ya Ebola iitwayo Zaire, ilhali ugonjwa wa Mubende ulikuwa wa aina ya Sudan, ambao haukuwa na chanjo yoyote iliyoidhinishwa. Mtu aliyezoea kazi hii akisikia neno Ebola huuliza kwanza ni aina gani, kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia kipimo cha maabara hadi dawa, hutegemea jibu hilo. Mtu anayezungumzia chanjo dakika kadhaa bila kutaja aina ya virusi anaonyesha mwenyewe kwamba hayuko karibu na jambo analolisemea, hata kama shahada yake ni halali na ameipata kwa jasho. Yule mama wa VHT huenda hakuyajua yote haya kwa undani. Hata hivyo maneno yake yalitoka kwa timu ya afya ya wilaya, nayo ilikuwa imeyapata Wizarani, na Wizara ilikuwa na majibu ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe iliyopima damu ya mgonjwa. Mngeweza kuufuata mlolongo huo hatua kwa hatua na kuuliza maswali kila mahali. Kwa ule ujumbe wa sauti, hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Sisi wa Gulu hatuwezi kulizungumzia jambo hili bila kumtaja marehemu Dkt. Matthew Lukwiya. Mwezi Oktoba 2000, wanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya Lacor walipoanza kufa kwa namna isiyoeleweka, yeye alikuwa Kampala, akaitwa, akarudi. Hakuwa mtaalamu wa virusi. Alikuwa msimamizi wa hospitali, tena aliyesomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto. Alichofanya ni kukaa usiku na majalada ya wagonjwa waliokufa, yeye na wenzake, wakitafuta dalili zinazofanana; wakasoma mwongozo wa kudhibiti homa za kutoka damu; wakatenga wodi bila kungoja; na damu ikapelekwa Afrika Kusini kupimwa. Naomba kamati yenu iuangalie mpangilio huo. Katika kuwakinga wagonjwa na wauguzi alitenda mara moja kwa dhana aliyokuwa nayo, kwa kuwa kosa la kutenga wodi bure lingekuwa dogo kuliko kosa la kutoitenga. Ila dhana yenyewe aliikabidhi kwa maabara ambayo ingeweza kumrudishia jibu kwamba amekosea. Maabara ilithibitisha kuwa ni Ebola. Mlipuko ule uliwapata watu 425, wakafa 224, na yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000 kwa ugonjwa huohuo.

Kwa hiyo mimi ningemwuliza kila msemaji maswali mawili: nani ana uwezo wa kukusahihisha, na ni kitu gani kikitokea utabadili kauli yako? Mganga wa redioni anayesema dawa yake haishindwi hana jibu la swali la pili, na profesa anayejibu hivyohivyo naye msimhesabu tofauti. Kuhusu vyeti sina mengi ya kusema. Daktari yeyote anayetibu watu Uganda lazima awe kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na ahuishe leseni yake kila mwaka, na hilo linaweza kuulizwa. Ila rejista itawaambia tu kwamba huyo ni daktari.

Mwalimu Mstaafu (Masaka):

Nakubaliana na dada muuguzi, na ningependa kuongeza kwamba hatari kubwa zaidi huja pale ambapo dalili zote za utaalamu zipo. Nilikuwa nikifundisha upande wa Rakai wakati ule UKIMWI tulipouita slimu. Madaktari wetu wenyewe wa Makerere, akina Serwadda na Sewankambo, ndio waliokwenda vijijini na kuueleza ulimwengu, katika makala iliyotoka mwaka 1985, kwamba ugonjwa huo una uhusiano na virusi vilivyokuwa vimegunduliwa ng'ambo. Walipata heshima yao kwa kuwatazama wagonjwa mmoja mmoja, na kwa kuweka matokeo yao mahali ambapo wenzao wangeyakosoa.

Miaka michache baadaye watu walimiminika upande wa Ssembabule kula udongo ulioaminiwa kuwa unaponya. Mtu aliyesoma aliweza kuukataa udongo ule bila shida. Lakini mwaka 1990 ikaja Kemron kutoka Kenya, dawa iliyodaiwa kutibu UKIMWI. Hiyo ilitoka katika taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, watafiti wake walikuwa na shahada za juu, Rais wa nchi aliizindua mbele ya watu, na kiini chake, intaferoni, kilikuwa dawa inayojulikana katika tiba. Nani angethubutu kusema hapana? Nawajua watu waliouza mashamba yao ili waifuate Nairobi. Baadaye madaktari wa Kampala waliijaribu kwa utaratibu unaotakiwa, wagonjwa wengine wakipewa dawa na wengine kitu kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini, na hawakuona faida yoyote. Lililokosekana tangu siku ya kwanza lilikuwa hilo jaribio la kulinganisha, na cheo cha waliokuwa jukwaani hakikuweza kulijaza pengo hilo.

Ndiyo maana mwaka 2021, wakati Covidex, dawa ya mitishamba, ilipoanza kugombaniwa madukani kwa ajili ya COVID-19, niliwasihi jamaa zangu waangalie upana wa dai. Profesa wa Mbarara aliyeitengeneza ni mfamasia kweli, na mimea anaijua. Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa kwanza ilitahadharisha kwamba haijaikubali. Mwishoni mwa mwezi Juni ikairuhusu kama tiba ya kusaidia, si tiba ya kuponya COVID-19. Mitaani neno la kusaidia lilidondoka, likabaki la kuponya. Aliyetaka kumwamini mtaalamu alipaswa kumwamini kwa kiasi kilekile kilichothibitishwa, na kwa mambo mengine kuendelea kungoja.

Dereva wa Masafa (Malaba):

Wazee na ndugu, nimesoma kwa makini, lakini nadhani mnawatetea wenye vyeo kuliko wanavyostahili. Mwaka 2020 sisi madereva wa malori tulikaa kwenye foleni ya Malaba iliyoenea kilomita nyingi tukisubiri majibu ya vipimo, na katika miji tuliyopita watu walitukimbia kama kwamba sisi ndio virusi. Wakati ule tuliambiwa tuwasikilize wataalamu. Wataalamu hao ni wepi? Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 haienei kwa hewa, na halikushauri watu wote wavae barakoa mpaka mwezi Juni, wakati hapa kwetu tulikuwa tumeshaamriwa kuzivaa tangu Mei. Miezi ikapita, wakakubali kwamba inaenea kwa hewa. Huo mlolongo anaousifu dada muuguzi, wa kijiji kwenda wilaya, wilaya kwenda Wizara, Wizara kwenda Geneva, unaweza kuleta kosa moja kwa kila mtu kwa wakati mmoja.

Na kuna jambo la pili. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko Uganda. Binti wa jirani yangu aliolewa katika muda huo, na darasani hakurudi tena. Daktari anajua virusi, sawa, lakini nani alimfanya awe mtaalamu wa njaa, wa mimba za wasichana na wa karo? Katibu, ukimtafuta mtaalamu mmoja wa kuwaamulia yote, hutampata.

Msomi wa Afya ya Jamii (Mulago, Kampala):

Kaka Dereva, malalamiko yako ni ya haki, na sehemu yake ya pili naikubali yote. Iwapo ugonjwa unaenea darasani ni swali la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko. Iwapo madarasa yafungwe kwa karibu miaka miwili, huku baadhi ya madarasa yakirudishwa kwa vipindi na kufungwa tena, ni swali ambalo walimu, wazazi, watu wa uchumi na watu wa haki za watoto wana ujuzi wao ndani yake, na mtaalamu wa virusi anayelijibu peke yake ametoka nje ya eneo lake bila kuwaambia watu kwamba ametoka. Kamati ya soko inafanana na hali hiyo: daktari atawaambia hatari ya msongamano, lakini mwanamke anayeuza samaki anajua vizuri zaidi samaki wake watakaa siku ngapi na watoto wake watakula nini soko likifungwa Jumatano na Ijumaa.

Sehemu ya kwanza naiona tofauti kidogo. Suala la hewa halikuwa la watu wenye vyeo kushindwa na watu wa kawaida. Madaktari wa kudhibiti maambukizi hospitalini walikuwa wamezoea kufikiri juu ya matone makubwa yanayoanguka karibu na mgonjwa. Lakini jinsi chembe ndogo zinavyoelea chumbani ni fizikia. Mwezi Julai 2020 wanasayansi 239, wakiongozwa na mwanafizikia Lidia Morawska wa Australia, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba ushahidi wa kuenea kwa hewa unapaswa kuchukuliwa kwa uzito. Waliokuwa na ujuzi unaohusika walikuwapo tangu mwanzo. Walikuwa wameachwa nje ya chumba. Kwa hiyo ningemwongezea dada muuguzi swali la tatu: je, ujuzi wote unaolihusu swali hili umesikilizwa, au ni wa fani moja tu?

Hata maabara ina mipaka yake. Watu wa Rwenzori watakumbuka kwamba mwaka 2007 ugonjwa ulioanza Bundibugyo ulichukua miezi kabla ya kutambuliwa, na vipimo vya kijenetiki vya aina za Ebola zilizojulikana havikuuona, kwa kuwa ilikuwa aina mpya kabisa. Kipimo kingine, chenye kushika aina nyingi, ndicho kilichouonyesha. Daktari ambaye angesema "kipimo hakikuona kitu, basi nendeni nyumbani" angekuwa na karatasi ya kumtetea, ilhali wagonjwa mbele yake walikuwa wakionyesha jambo jingine. Na makala katika jarida kubwa nayo si muhuri. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti juu ya haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa COVID-19, na tarehe 4 Juni utafiti huo ukaondolewa, baada ya watafiti wengine kuuliza takwimu zake zimetoka wapi na jibu la kuridhisha kukosekana. Mimi huliona tukio hilo kwa pande mbili: ni aibu kwamba ulichapishwa, na inatia moyo kwamba waliouangusha walikuwa watu wa fani hiyohiyo, kwa kuuliza tu waonyeshwe takwimu.

Mtu anayebadili kauli msimtupe kwa sababu hiyo pekee. Mwulizeni amebadili kwa lipi. Aliyeeleza jana kwamba anajua hiki na hajui kile, na leo akaonyesha ushahidi mpya, amewafanyia kazi yake. Tarehe 30 Januari 2025, Ebola ya Sudan ilipotangazwa hapa Kampala, chanjo ya majaribio ilianza kutolewa ndani ya siku chache kwa waliokutana na wagonjwa. Wataalamu waliokuwa waangalifu walisema wazi kwamba ni jaribio na kwamba hawajui bado kama inakinga. Wengine mitandaoni walitangaza siku hiyohiyo kwamba chanjo imepatikana. Kwa kulinganisha sentensi hizo mbili tu, mtu wa soko angeweza kujua amsikilize nani.

Katibu wa Soko (Bwera, Kasese):

Nimewasomea wenzangu majibu haya yote, na ninashukuru kwa niaba yao. Tumekubaliana kwamba habari yoyote ya ugonjwa itakayobandikwa kwenye ubao wa soko iandikwe na jina la aliyeisema, kazi yake, swali alilolijibu, na tarehe. Ushauri wa kufunga au kutofunga utaamuliwa na kikao chenye mtu wa afya ya wilaya, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na wanawake wa samaki na mboga, kwa sababu maneno ya kaka Dereva yaliwagusa wengi.

Limebaki swali moja. Kuna siku mhudumu wa VHT atasema hivi, na daktari wa kliniki ya binafsi hapa mjini, ambaye ana heshima kubwa na ametibu nusu ya kamati, atasema vile. Wote wawili wako karibu nasi, na wote tunaweza kuwauliza. Tufanyeje?

Muuguzi wa Wodi (Gulu):

Ndugu Katibu, msiwashindanishe mbele ya watu, kwa kuwa hapo mmoja atatetea jina lake na wagonjwa watasahaulika. Mwombeni kila mmoja, kwa faragha, awaeleze msingi wa kauli yake. Daktari wa kliniki akisema amewaona wagonjwa wawili au watatu wenye homa na kutoka damu, hiyo ni habari ambayo VHT hawezi kuwa nayo, na inapaswa kupelekwa wilayani siku hiyohiyo hata kama yeye mwenyewe anadhani ni malaria. Akisema anatoa maoni yake kwa uzoefu wa jumla, basi taarifa ya wilaya iliyotokana na vipimo ina uzito zaidi, na nadhani daktari mwaminifu atakubali hivyo akiulizwa kwa heshima. Wakati mnangoja, shikeni lile ambalo wote wawili hawalipingi: maji na sabuni kila lango la soko, mgonjwa wa homa asibebwe kwenye bodaboda kwenda sokoni wala kanisani, na maiti ya mtu aliyekufa ghafla isioshwe na mtu yeyote kabla timu ya wilaya haijafika.

Na kwenye ubao wenu, mkiandika kwamba jambo fulani bado halijulikani, ongezeni nani analichunguza na majibu yanatarajiwa lini. Pale Gulu mwaka 2000, watu waliokuwa na subira zaidi ni wale walioelezwa kwamba damu imepelekwa, na imepelekwa wapi.